Mpiga Kengele wa Barazani

Kwa karibu miaka thelathini, mtu aliyetuita kanisani kila Jumapili hakuruhusiwa kula pamoja nasi tukishafika. Ndivyo tulivyokuwa sisi Wakristo wa Masukulu, na wala hatukuona ajabu. Yeye anapiga kengele, sisi tunaingia, tunaimba, tunahubiriwa. Jumapili ya Meza ya Bwana ikifika, Mchungaji anafunga kitabu na kusema, "Waliotengwa watupishe." Hapo Mpiga Kengele anainuka benchi la nyuma, anatoka na kofia yake mkononi, anakwenda kukaa barazani mpaka tumalize mkate na divai. Tukimaliza, anatupigia kengele ya kwenda nyumbani.

Kosa lake lilikuwa wake wawili. Hakuwa peke yake, maana baraza lile siku ya Meza lilijaa wanaume mpaka wengine wakakosa pa kukaa. Ukisimama mimbarani ukatazama, ndani wamejaa wanawake, nje wamejaa waume zao, na kanisa likaitwa moja.

Jina lake alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Hata wake zake, wakimkasirikia, walimwita Mpiga Kengele. Mimi nilimjua tangu nikiwa mdogo, na nilipokuwa fundi redio mjini Tukuyu nikamjua zaidi kwa sababu ya redio yake, ambayo iliharibika kila masika. Tena mimi nilikuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Usinione mtakatifu. Mwandiko wangu unasomeka, basi, na wazee wenzangu walikuwa wamechoka kusoma mihtasari ya katibu aliyetangulia kwa kubahatisha.

Kengele yenyewe usiifikirie ya shaba. Ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mparachichi, anaigonga kwa kipande cha nondo. Saa hakuwa nayo. Alitegemea redio, na betri zikilegea alizianika juani kama tulivyofanya wote, lakini jua la kwetu mnalijua, huonekana kwa bahati. Kwa hiyo kuna Jumapili ibada ilianza saa tatu, kuna Jumapili ilianza saa nne na nusu, na ipo moja tuliyoianza kabla Mchungaji hajanyoa ndevu. Ukimlalamikia alijibu, "Kwani Kyala ana kikao kingine leo?" Kyala ndiye Mungu wetu kwa Kinyakyusa, na Mpiga Kengele alimtaja kwa namna ya mtu wanayepakana naye shamba.

Lakini wewe uchelewe! Alisimama mlangoni na nondo yake, mrefu, koti la mitumba limemfika magotini, akakupokea kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni: "Karibu, tata, baba yangu. Tumekubakizia baraka kidogo." Mama mmoja alihamia kwa Wakatoliki wa Igogwe kwa sababu ya maneno hayo tu. Mpiga Kengele alipoambiwa, akasema huko nako atachelewa.

Ngoja nieleze mke wa pili alivyopatikana, maana ndipo ubishi wote ulipoanzia. Kaka yake alipigwa na radi akiwa bado kijana, akaacha mjane na mtoto wa kunyonya. Kwa mila yetu mjane harudishwi kwao, ndugu wa marehemu anamchukua. Mpiga Kengele wakati huo alikuwa mume wa mke mmoja, ndoa ya kanisani, mwimba sauti ya chini kwenye kwaya. Alisitasita. Aliyekwenda kumleta mjane ni mke wake mwenyewe, Mama Mkubwa. Alimbeba yule mtoto mgongoni, akamshika mama yake mkono, akamwambia mumewe, "Huyu ndiye mwenzangu. Mtafutie jembe." Tangu hapo tukawa na Mama Mkubwa na Mama Mdogo, na kanisa likawa na kesi.

Baraza la wazee la enzi hizo lilimuuliza lini atamfukuza. Akasema atamfukuza siku wazee watakapomwonyesha mahali pa kumpeleka. Hakuna aliyejitolea. Wakamtenga. Wakamtoa kwenye kwaya, wakamnyima Meza, wakamkatalia watoto wake kubatizwa mpaka wawe wakubwa wajisemee. Walipofika kwenye kengele wakakwama. Nani ataamka na baridi ya Julai ya Tukuyu, au kuloa mvua ya Aprili, akagonge rimu? Mzee mmoja, marehemu sasa, akapata ufunuo: kengele iko nje ya kanisa, na huyu ametengwa na ya ndani tu. Muhtasari wa kikao hicho ninao. Umeandikwa kwa mwandiko mbaya, lakini hilo linasomeka vizuri kabisa.

Mama Mkubwa yeye hakutengwa. Sheria ilimwona ni mke halali aliyekosewa. Kwa hiyo aliendelea kula Meza, akapanda mpaka akawa mwenyekiti wa akina mama, na wageni wa jimbo wakija walifikia kwake. Wali wao ulipikwa na Mama Mdogo, ambaye hakuruhusiwa Meza. Waliula na kuusifia.

Kuhusu wamisionari Mpiga Kengele alikuwa na maneno yake. Aliwapenda. Alisema walitoka Ujerumani wakatembea mpaka Rungwe, na mtu aliyetembea hivyo humpi maji tu, unamsikiliza. Lakini alisema pia, "Walitukuta tunamwomba Kyala. Wakatuambia Mungu ni huyo huyo, tumekosea mlango. Tukahamia mlango wao. Sasa mimi nimefika mlangoni naambiwa nikae hapo hapo." Halafu anacheka mpaka anakohoa. Mchungaji wetu, kijana aliyetuletea kinanda cha umeme, alijaribu kubishana naye mara moja tu. Mpiga Kengele alimuuliza Yakobo mwenye wake wawili, tena mtu na dada yake, akifika Masukulu leo atakalishwa benchi gani. Mchungaji akasema Yakobo ni wa Agano la Kale. "Haya," akasema mzee, "niandikeni huko huko."

Usidhani basi alikuwa mtetezi wa wake wengi. Wapi! Wenzake wa barazani aliwadharau wazi. Kulikuwa na mnunuzi wa kahawa, mmoja wa wale walioibuka biashara ilipofunguliwa na kila mwenye pikapu akawa tajiri. Huyo alioa wa pili, akaoa wa tatu, akaja kukaa naye barazani akijiita mwenzake. Mpiga Kengele akajisogeza kando. "Wewe una tamaa," alimwambia. "Mimi nina msiba. Tusichanganyane." Binti yake mwenyewe alipotaka kuolewa mke wa pili mjini Mbeya, alikataa mahari, akakataa na nauli ya kwenda kuipokea. Nilimwambia, mzee, huoni aibu? Akasema aibu anaiona sana, ndiyo maana hataki binti yake aione.

Kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, aliikataza Jumamosi ili watu waamke, akainywa Jumapili kuanzia saa nane. Ngoma za msibani alizipenda, na kanisa lilikuwa limezipiga marufuku tangu zamani kwamba ni za kishenzi. Kinanda kile cha Mchungaji kilipokuja, kikabonyezwa kitufe, kikatoa ngoma chenyewe bila mpigaji, Mpiga Kengele aliingia mpaka katikati ya kanisa kukisikiliza. Akanigeukia kwa sauti kubwa: "Kumbe dhambi ilikuwa ile ngozi ya ng'ombe?" Kwaya ikashindwa kuanza wimbo.

Hata hivyo Meza ilimuuma. Hilo nataka lieleweke, maana mizaha yake ilidanganya wengi. Nilimwona mara kadhaa barazani, mgongo kwa ukuta, sisi ndani tukiimba wimbo wa mkate. Aliimba nasi sauti yake ile ya chini, kupitia dirishani. Mara moja dukani kwangu, nikimfungia redio, alinishika mkono akasema, "Katibu, mimi sitaki kufa nikiwa mtu wa nje." Hakutania. Nikamwambia sheria ni ya jimbo, si yangu. Nililijibu hilo haraka, na sijajisamehe.

Miaka ile makanisa mapya yaliota kila mahali. Ukienda mjini kununua sabuni unarudi umeokoka. Pale Ibighi palisimamishwa turubai, jenereta, vipaza sauti vya kuamsha wafu, na nabii mwenye suti nyeupe ambayo hakuna aliyejua anaifulia wapi kwa matope yetu. Habari zilifika Masukulu kwamba huko hawaulizi una wake wangapi. Mpiga Kengele akafunga safari, wake zake wote wawili nyuma yake, wamevaa vitenge vya sare. Walikwenda Jumapili tatu. Siku hizo kengele yetu iligongwa na mtoto wa Mchungaji, na ibada ikaanza kwa wakati, jambo lililotuchanganya sana.

Jumapili ya tatu nabii alimwita mbele amwombee, akapaza sauti kuamuru pepo wa mke wa pili amtoke. Mama Mdogo alikuwa amesimama pale pale. Akauliza kwa upole, "Baba nabii, huyo pepo ni mimi?" Watu wakaangua kicheko, nabii akazidisha sauti, jenereta ikazimika. Wakarudi nyumbani kwa miguu. Jumatatu yake alinipitia dukani. Nikamuuliza, vipi huko? Akasema, "Nimetoka kanisa lisilonipa mkate, nikaenda kanisa lisilo na mkate. Bora nibaki nikisikia harufu."

Mchungaji wetu aliposikia alipata hofu ya kupoteza kondoo, tena kondoo anayepiga kengele. Akabuni njia. Mama Mdogo alikuwa mtu mzima sasa, uzazi umepita. Mzee asimame tu mbele ya kanisa aseme kwamba yule si mke wake, ni shemeji anayetunzwa kwa huruma. Neno moja, arudishwe kundini. Wazee tulikubali kwa shangwe. Mama Mkubwa alikubali. Mama Mdogo mwenyewe, nilikuwepo, alimwambia, "Sema tu, baba watoto. Mimi sitapungua."

Jumapili hiyo alivaa tai. Mchungaji akamuuliza mbele ya watu wote, "Mama huyu ni nani kwako?" Mzee akamgeukia Mama Mdogo.

"Huyu amenizalia watoto watatu," akasema. "Nikisema ni shemeji tu, hao watatu niwaiteje? Miujiza?"

Yaani kanisa lilivunjika mbavu. Mchungaji akagonga mimbara, mnunuzi wa kahawa akapiga makofi dirishani, mimi katibu nikajifanya naandika. Mpiga Kengele akasubiri kelele zipungue, akaona hazipungui, akatoka akapiga kengele ya mwisho. Watu wakatawanyika bila baraka.

Miaka miwili baadaye Mama Mkubwa alifariki. Aliugua kifua wiki moja tu. Alizikwa kwa heshima zote za kanisa, akina mama wenzake wamevaa nyeupe, kaburi limejaa maua. Na hapo kaburini, udongo haujakauka, Mchungaji akamshika mzee bega, akamnong'oneza, na mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Mzee wangu, Mungu ana njia zake. Sasa umebaki na mmoja. Mlango umefunguka." Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya Mchungaji. Mpiga Kengele aliondoa bega lake polepole, akaenda kusimama na Mama Mdogo.

Wote tulijua hatakubali. Mtu aliyekataa Meza kwa ajili ya neno moja la uongo, ataikubali kwa kifo cha mkewe? Kwa hiyo aliponitumia ujumbe, miezi minne tangu mazishi, niende na ile fomu ya kurudishwa kundini, nilivunjika moyo. Nilipanda baiskeli kwenda Masukulu nikisema kimoyomoyo, mzee naye kachoka, kauza msimamo wake.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mchana wa mvua. Amekonda. Mama Mdogo anamenya ndizi. Tulisalimiana, nikapewa chai, nikatoa fomu na kalamu. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Jina. Usharika. Kosa lililosababisha kutengwa. Anakubali ndoa yake na Mama Mdogo ibarikiwe? Anakubali. Nikafika swali la tano.

"Muda aliokaa bila kushiriki Meza ya Bwana," nikasoma, na kwa kuwa jibu nalijua nikaanza kuandika mwenyewe.

"Miezi minne," akasema.

Nikacheka. "Mzee, hapa hatutanii, inakwenda jimboni hii. Ni miaka ishirini na tisa."

"Miezi minne, Katibu."

Nikamtazama Mama Mdogo aninusuru. Yeye akaweka kisu chini, akafuta mikono.

"Dada alikuwa anatuletea," akasema.

Sikuelewa, naye akanieleza taratibu, namna unavyomweleza mgeni njia. Kwetu mkate wa Meza tunapewa mkononi, kipande. Mama Mkubwa alikuwa anapokea, anainama kama anayesali, anakifunga kwenye pindo la kitenge. Divai anakunywa. Akifika nyumbani, watoto wanatumwa maji, mlango wa jiko unarudishwa. Anafungua pindo, anakimega mara tatu, wanakula watatu hapo penye mafiga.

"Na divai?" nikauliza, sijui kwa nini ndilo lililonijia.

"Divai tulisikia harufu mdomoni mwake," akasema mzee. "Ilitosha."

"Kila Meza?"

"Kila Meza. Tangu mwaka ule waliponitoa. Mwanzo mimi niliogopa, nikamwambia, mke wangu, utapigwa na radi na wewe. Akasema Mchungaji amesema tule wote, na nyumbani kwake wote ni watatu." Machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Sasa hakuna wa kuleta. Miezi minne, Katibu, nina njaa. Ndiyo maana nimekuita. Si huo mlango wa Mchungaji."

Niliweka kalamu chini. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba baraza zima la wazee lingesikia, kwamba hii haiandikiki. Mama Mkubwa alikuwa mwenyekiti. Wakilijua, watamfuta kwenye daftari la kanisa, kaburini alipo, na yeye mzee hataionja Meza mpaka afe. Nikamsihi. Tuandike miaka ishirini na tisa, kila mtu ndiyo anayojua, nani ataumia?

"Yeye," akasema. "Nikiandika miaka, nimesema hakuleta kitu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama Mdogo alikuwa amerudia ndizi zake, lakini mikono haiendi. Nikashika kalamu nikaandika: miezi minne. Mwandiko wangu, nilishasema, unasomeka.

Jumapili ya kurudishwa, ndoa ilibarikiwa kwanza. Kisha Mchungaji akachukua fomu, ambayo nina hakika hakuwa ameisoma, akaisoma kwa sauti yake nzuri mbele ya kanisa lililofurika. Jina. Usharika. Kosa. "Ndugu yetu amekaa mbali na Meza ya Bwana kwa muda wa miezi..." Akasimama. Akasogeza karatasi karibu na macho. "Katibu, hapa si umekosea? Si miaka?"

Nikasimama. "Sikukosea, Mchungaji. Ni miezi. Minne."

Minong'ono ikaanza upande wa wanaume. Upande wa wanawake, hakuna aliyefungua mdomo. Wale mama wa nyeupe, waliokuwa wenzake Mama Mkubwa, walikuwa wametazama chini wote kwa pamoja. Mchungaji akafungua kinywa aulize swali la pili, na kabla halijatoka, bibi mmoja wa benchi la mbele, mke mkubwa wa yule mnunuzi wa kahawa, akaanzisha wimbo wa Meza bila kuambiwa. Akina mama wakaudaka, wakainuka, wakamshika Mama Mdogo mikono, wakaenda naye mbele. Mpiga Kengele akawafuata. Mchungaji akabaki na fomu mkononi, akaikunja, akaitia mfukoni, akaanza kugawa mkate.

Mzee alipokea chake, akakitafuna pale pale amesimama, macho wazi, polepole mpaka kikaisha. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Kazi ya mzee wa kanisa ni kuangalia Meza inaliwa kwa utaratibu, na sikuwahi hata siku moja kuangalia. Siku hiyo niliangalia. Mama baada ya mama alipokea, akainama, akagusa pindo lake, akarudi mahali pake akiimba, na vinywa vilivyokuwa vinatafuna havikufika nusu. Nikashusha macho nikanyoosha mkono wangu.